Chati ya kura za kumwondoa rais: nunua, ila rekebisha safu moja

Chati hii ya ukutani, saizi ya A1 na imefunikwa plastiki, inauzwa shilingi 450 kwenye duka la vitabu karibu na Soko la Jubilee, Kisumu. Inawafaa sana walimu wa historia, maana inaendelea pale ambapo nyingine huishia: baada ya rais kuachiliwa.

Tazama mstari wa Trump wa 2020. Tarehe 5 Februari, Seneti ya Marekani ilimwondolea shtaka la kwanza kwa kura 52 dhidi ya 48. Katika chama chake cha Republican, seneta Mitt Romney peke yake ndiye aliyemwona na hatia. Siku mbili baadaye, Vindman na Sondland, maafisa wa serikali waliotoa ushahidi dhidi yake, waling'olewa kwenye nyadhifa zao. Mstari wa 2021 una mengi zaidi. Kura 57 zilimwona na hatia, lakini zilihitajika 67, basi akaachiliwa tena. Saba kati ya hizo zilitoka kwa Warepublican wenzake, na mmoja wao, seneta Bill Cassidy, alikemewa rasmi na chama chake cha Louisiana siku iyo hiyo. Ugomvi ulihamia ndani ya nyumba.

Kasoro ni safu ya theluthi mbili, yaani kura zinazohitajika kumwondoa rais, inayochanganya Marekani na Kenya. Wamarekani huhesabu maseneta waliohudhuria. Kifungu cha 145 cha Katiba yetu huhesabu wanachama wote: 233 kati ya 349 Bunge la Taifa, 45 kati ya 67 Seneti. Kwa hiyo hapa kwetu, asiyefika ukumbini amemsaidia rais. Bandika karatasi yenye hesabu sahihi juu ya safu hiyo kabla ya kufundisha.

Plastiki inameremeta, usiitundike mkabala na dirisha.