Nimemaliza ile kozi ya bakteria na kinga ya mwili: video ya 3 moto, sabtaito za Kiswahili balaa

Haya nimemaliza, video 12 zote (sawa, 11 na nusu, nitaeleza), na naandika sasa hivi kabla sijasahau. Mimi si daktari wala nesi, bailojia niliiacha shuleni, nilitaka tu kuelewa kwa nini mwili wenye jeshi lote hilo bado unazidiwa na kidudu ambacho hata hukioni. Jina la kozi sitaji maana nina malalamiko nayo na sitaki ugomvi na mtu.

Video ya 1 na ya 2 ruka tu. Ngozi inazuia, kamasi inanasa, asidi ya tumbo inaua, hayo unayajua. Kizuri humo ni ile hadithi ya Metchnikoff, yule mwanasayansi Mrusi ambaye mwaka 1882 akiwa Messina kule Italia alichomeka mwiba kwenye lava (yaani kitoto) wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kitoto ambacho mwili wake unaonekana mpaka ndani kabisa, asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka ule mwiba zinataka kuumeza. Akapata Nobel 1908 pamoja na Ehrlich, mtafiti mwingine wa kinga. Wanaisimulia vizuri, dakika nne hivi, halafu wanarudi kwenye kuorodhesha.

Video ya 3 ndo iliyonifanya nisilale. Ni kuhusu TB. Yaani makrofaji, zile seli walaji, kazi yake ni kummeza bakteria akawa ndani ya kifuko, halafu kile kifuko kinaungana na kingine chenye asidi na vimeng'enya, bakteria anasagwa, kwisha. Sasa huyu wa TB akishamezwa anazuia vile vifuko visiungane. Basi. Anakaa mle mle ndani ya askari aliyekuja kumkamata, anakula, anazaana taratibu sana. Mwili ukishindwa kumuua unamzungushia ukuta wa seli, wanaita granuloma, na watu wengi wanaishi naye hivyo miaka mpaka wanazeeka bila hata kukohoa. WHO wanakadiria kama robo ya watu duniani wameshaambukizwa, ila katika kila 100 wa hao ni 5 hadi 10 tu ndo wataugua. Na kilichonishtua zaidi, kuna dawa za ugonjwa wa viungo ambazo kazi yake ni kuzima TNF, moja ya zile kemikali seli za kinga zinatumia kuitana, na mtu mwenye TB iliyolala akianza hizo dawa ukuta unaweza kubomoka TB ikaamka. Ndo maana wanapimwa TB kwanza. Mambo ya "kuongeza kinga, kupunguza kinga" tunayoyaongea kirahisi rahisi, ukiangalia hii video utanyamaza kidogo.

Video ya 4 inamuonyesha Listeria, bakteria anayeingia kwa chakula, na hapo waliochora katuni wapewe zawadi. Yeye hazuii kifuko, anakitoboa na kutoka, na sumu yake ya kutoboa inafanya kazi vizuri zaidi kwenye asidi, kwa hiyo kile kile kilichotakiwa kimuue ndo kinamfungulia mlango. Akishatoka anajishikizia nyuzi za aktini, zile protini za mifupa ya seli yetu wenyewe, zinamsukuma kwa nyuma, ana mkia kama kimondo, anapenya mpaka seli ya jirani bila kutoka nje hata mara moja. Antibodi, zile protini za kinga zinazonasa vijidudu kwenye damu, zinazunguka huko nje hazina habari.

Halafu Staph, bakteria wa majipu. Antibodi fikiria herufi Y, mikono miwili ya juu inamshika bakteria, ule mguu wa chini ndo seli walaji wanaoushika ili wammeze. Staph ana protini inayoshika mguu. Kwa hiyo amejaa antibodi mwili mzima lakini zote zimekaa kichwa chini miguu juu, hakuna pa kushika. Nilicheka peke yangu. Hata ile rangi yake ya dhahabu si urembo, inamkinga na zile kemikali kali ambazo nyutrofili, seli walaji wengine wa kwenye damu, wanamwagia.

Sasa kero. Sabtaito za Kiswahili ni mashine imetafsiri na hakuna binadamu aliyepitia, nasema hivyo kwa uhakika. Kuna kundi la protini kwenye damu linaitwa komplimenti, zinajipanga juu ya bakteria zinamtoboa mashimo. Sabtaito inaandika "pongezi", imechanganya complement na compliment ya Kiingereza. Video nzima protini za pongezi zinamshambulia bakteria mpaka anapasuka. Bakteria waliooteshwa maabara wameitwa "utamaduni", eti kwa sababu ya neno culture. Seli kuna mahali zimekuwa vyumba vya gereza, na kwa lile somo la TB karibu iwe sahihi. Kama kusikiliza unaelewa, zima sabtaito kabisa.

Kero ya pili ni vita. Kila kitu ni vita, jemadari, jasusi, makusudi. Eti Salmonella, bakteria wa kuharisha, "aliamua" kuchokoza uvimbe kwenye utumbo ili awapige wapinzani wake. Kweli uvimbe unamsaidia, ukitokea kunakuwa na kemikali anazoweza kuzitumia kupumulia ambazo bakteria wengi wa kawaida wa utumbo hawawezi, kwa hiyo anawapita. Lakini hajaamua chochote jamani, hana akili, waliobahatika kuwa hivyo ndo waliobaki. Mwalimu anajua hilo maana analisema mara moja video ya 6, halafu anasahau.

Na hiyo lugha ya vita inaficha kitu ambacho video ya 7 inakigusa juu juu tu wakati kingestahili saa nzima: mara nyingi kinachotuumiza ni mwitikio wetu sisi wenyewe. Homa ni yetu, usaha kwa sehemu kubwa ni nyutrofili wetu waliokufa, presha kushuka kwenye sepsisi, pale mwili mzima unapozidiwa na maambukizi, ni kemikali zetu. Kuna sumu za Staph na Strep (bakteria mwingine, wa koo) zinazoamsha hadi T seli, askari wa kinga wanaolenga adui maalumu, 20 kati ya 100 kwa mpigo, wakati kwa kawaida kijidudu kinaamsha hata chini ya moja kati ya 10,000. Ukiweka hilo pembeni ya bakteria wa tauni, ambaye akiwa kwenye nyuzijoto 37 anabadilisha mafuta ya koti lake ili kipokezi chetu cha TLR4, kile kitambuzi kinachopiga kengele bakteria wakiingia, kisimstukie, unaona shida iko pande zote, mwitikio ukizidi unaua na ukichelewa unaua. Wanasayansi walimlazimisha huyo wa tauni avae koti linaloonekana, panya wa maabara hawakufa. Koti tu! Kozi imelipa sekunde 40.

Video ya 10 ya B seli (wanaotengeneza antibodi) na T seli wamekimbia, dakika 9, na kwa nini chanjo za nimonia na Hib (bakteria wa homa ya uti wa mgongo) za watoto wadogo sukari ya koti la bakteria huunganishwa na protini wamelitaja kama tangazo tu (mtoto wa chini ya miaka 2 kinga yake haijibu vizuri sukari peke yake, ikishikana na protini T seli wanaingia kusaidia). Kwizi pia mbovu, inauliza mwaka wa Nobel badala ya nani anashika mguu wa nani.

Nyota 4. Ile ya 12 ya H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, sauti inakatika pale pale daktari Marshall aliyejijaribia mwenyewe anapoinua glasi yenye bakteria kunywa, 1984 hiyo, nimewaandikia mara mbili. Jibu la kwanza walisema asante kwa pongezi.