DSR na DLDSR kwenye skrini ya 1080p: uzoefu wangu

Ukicheza gemu kwenye skrini ya 1080p, yaani pikseli 1920×1080, waya wa umeme ulio mbali unakatika vipande vipande, uzio wa seng'enge unametameta gari likisogea, na ukingo wa paa una meno kama msumeno. Dawa ninayoiamini ni kuiacha kadi ya picha (GPU) ichore picha kubwa kuliko skrini, kisha iipunguze kabla ya kuionyesha. Kila pikseli unayoiona inakuwa mchanganyiko wa pikseli kadhaa, ndiyo maana yale meno yanalainika.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na DSR, ambayo NVIDIA waliileta mwaka 2014 pamoja na kadi za GTX 970 na 980; Januari 2022 wakaongeza DLDSR, inayotumia akili bandia kuipunguza picha, kwa kadi za RTX pekee. AMD wana ya kwao inayoitwa VSR, ambayo unaiwasha tu kwenye sehemu ya Display ya programu yao. Mimi natumia DLDSR 2.25x, yaani pikseli mara 2.25 ya zile za skrini, kwa karibu kila gemu.

Fungua NVIDIA Control Panel, ingia Manage 3D settings, kisha DSR - Factors. Weka tiki kwenye DL 2.25x, bonyeza Apply. Hapo bado hujabadilisha picha, umeongeza tu rezolusheni mpya kwenye orodha. Fungua gemu, uchague 2880×1620. Kama haionekani, mara nyingi gemu inaendeshwa kwenye dirisha lisilo na ukingo (borderless): badilisha kwanza rezolusheni ya Windows yenyewe, kisha uifungue upya. Ukitumia skrini yenye DSC, yaani mbano wa data ya picha inayotumwa kwenye skrini, chaguo la DSR linaweza lisitokee kabisa.

Kinachoharibu kazi kwa wengi ni DSR - Smoothness, inayokuja ikiwa 33%. Kwa DSR ya kawaida hicho ni kiasi cha ukungu. Ukiwa kwenye 4.00x weka 0%, kwa sababu pikseli nne zinaingia sawasawa ndani ya moja na hakuna cha kufichwa. Vipimo kama 1.50x havigawanyiki hivyo, vinahitaji ukungu kidogo ili mistari isipinde, na kwa maoni yangu havifai. Kwa DLDSR mambo yanageuka: ukishusha namba, picha inazidi kuwa kali. Kwenye 0% herufi zinazungukwa na ukingo mweupe unaochosha macho. Anza na 80%, ushuke polepole ukitazama majani na maandishi madogo. Usilinganishe kwa picha za skrini, maana nyingi hunaswa kabla picha haijapunguzwa, na kichujio hakionekani humo.

Gharama ni kubwa, tusidanganyane. 1080p ni pikseli 2,073,600, 2.25x ni 4,665,600, 4.00x ni 8,294,400, yaani 4K kamili. Gemu ya zamani inayokwenda fremu 200 kwa sekunde kwenye skrini ya 60 Hz, inayoonyesha 60 tu, ina ziada ya kutosha, ipe 4.00x. Gemu mpya inayohangaika kufika 60 iache. Matumizi ya VRAM, kumbukumbu ya kadi, nayo hupanda, na ikijaa fremu hazishuki taratibu, zinakwama kwa mishtuko. Ukiona hivyo, punguza ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) kabla ya kugusa kitu kingine.

Mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote ni DLDSR 2.25x pamoja na DLSS ya Quality; DLSS ni teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili bandia. Kwenye Quality inachora theluthi mbili ya upana na ya urefu, na theluthi mbili ya 2880×1620 ni 1920×1080. Kadi inachora pikseli zilezile za mwanzo, lakini picha inapitia hatua mbili za kusafishwa. Bado utapoteza fremu kadhaa, kwa kuwa DLSS yenyewe ina kazi yake na madoido ya mwisho yanachorwa kwa ukubwa wa juu. Nywele na majani, ambavyo TAA, njia ya kawaida ya kulainisha meno ndani ya gemu, hugeuza uji, hapa vinarudi na umbo lake.

Gemu yenye kipimo chake cha ndani cha kuongeza pikseli, kama Euro Truck Simulator 2, inaweza kukuepusha na DSR kabisa, na maandishi ya menyu hayatapungua ukubwa. Soma tu namba kwa makini: 400% ya gemu hiyo ni pikseli mara nne, ilhali kwingine 200% huhesabiwa kwa upana na urefu, ambayo nayo ni mara nne.