Ukipenda boga, penda na kikonyo chake: kibanda cha maboga Soko la Mgandini, Tanga

Kazi yangu ni kupamba: kumbi za harusi, mapokezi ya hoteli, mabaraza ya nyumba za wageni huku Raskazone. Ikikaribia Oktoba huanza kuulizwa maboga. Wageni wengi wa kipindi hicho wanatoka Ulaya na Marekani, na kwao ni majira ya majani kupukutika. Huko maboga hupangwa vizingitini kuanzia Septemba, na Marekani huendelea kukaa mpaka sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba. Wenye nyumba wanataka mgeni akifika akute kitu anachokijua, ila kiwe kimetoka shamba la huku kwetu. Mimi hii kazi naipenda kuliko maua yote ya plastiki, ndiyo maana nataka nimseme vizuri mama mmoja anayeuza maboga Mgandini.

Kibanda chake hakina bango. Ingia upande wa wauza nazi, uliza mama wa maboga, utaonyeshwa. Anauza maboga, mumunye na majani ya maboga, basi.

Kinachomtofautisha na wengine ni vikonyo. Sokoni maboga mengi hufika bila kikonyo, kwa sababu hung'olewa ili yakae vizuri kwenye gunia, au kuli amelinyanyua boga kwa hicho kikonyo likamkatikia mkononi. Kwa mpishi haidhuru, linaingia sufuriani leoleo. Kwa mpambaji, boga la namna hiyo limeshaanza kuoza. Pale kilipong'oka pamebaki kidonda kibichi, na kuvu huingilia hapohapo. Unaweka boga zuri barazani, baada ya wiki linatoa maji chini na inzi wameshajua. Huyu mama huwaagiza wakulima wake wakate kwa kisu na kubakiza kikonyo cha urefu wa kidole. Kijana wa mkokoteni alipotaka kulibeba boga kwa kikonyo, alimzuia palepale: "Hilo si ndoo, mwanangu. Weka mikono chini."

Na yeye ndivyo anavyolibeba, viganja viwili chini ya kitako, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Ukimwambia unataka la pambo, si la kupika, anabadilisha kabisa namna ya kuchagua. Kwanza anabonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, boga linarudi chini: halijakomaa, litasinyaa. Kisha anaangalia kikonyo. Anakitaka kikavu, kigumu, rangi ya kuni. Kikiwa bado kijani na kina utomvu, anajua limechumwa mapema. Halafu analigeuza na kupitisha kidole kwenye lile baka la njano lililokuwa limelalia udongo, polepole, akizunguka mpaka kwenye kitovu. Pakibonyea hata kidogo, hakuuzii. Nimeona akimnyima mteja boga ambalo mteja mwenyewe alikuwa ameshalipenda kwa rangi, akamwambia, "Hili nakupa ukalipike leo, bei ya kupika. La kukaa chagua jingine." Muuzaji anayekataa hela kwa ajili ya kazi ya mteja wake, huyo ni wa kumshika.

Jambo la pili ni kwamba hauzi boga lililotoka shamba jana. Huyaacha kwanza nyumbani kwake kwenye banda lenye kivuli na upepo, yametandazwa, hayapandani, mpaka ganda likaze. Hili lina sababu yake. Wanaohifadhi maboga kitaalamu huyaacha siku kama 10 kwenye joto la nyuzi 27 hadi 29, mikwaruzo ijifunge na ganda liwe gumu. Joto hilo sisi wa pwani tunalo bila kulilipia. Tusichokuwa nacho ni hatua inayofuata: baada ya hapo boga linapenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15, pakavu. Lushoto kule juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, wanaweza kuukaribia. Tanga mjini, sahau. Kwa hiyo ukisikia boga zima hukaa miezi miwili au mitatu, hiyo ni hesabu ya nchi za baridi. La huyu mama, nikilitunza, hunipa mwezi na ushei barazani, tena Oktoba na Novemba ambapo mvua za vuli zinakuja na unyevu wake. Ya kwingine hayajawahi kunifikisha hapo.

Usilitie kwenye friji ukidhani unaliokoa. Chini ya nyuzi 10 boga huumia kwa baridi; likitoka linaanza madoa, kisha linalainika. Kuna mwenye nyumba aliyafungia jikoni kwenye friji ya soda ili "yapumzike" kabla ya wageni kufika, na nilisikitika kuyaona yalivyotoka.

Ukinunua matatu au zaidi, mama anakupa ngata. Anazisokota mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba, moja kwa kila boga, na hazidai hela. Kwangu hii ndiyo huduma bora kuliko zote pale. Boga likikaa juu ya sakafu ya saruji, chini yake hujikusanyia jasho, hasa usiku wa mvua, na hapo ndipo linapoanzia kuoza. Juu ya ngata hewa inapita, na halibingiriki. Likipangwa na mengine nayaachia nafasi ya kupitisha vidole, yasigusane.

Nikifika kazini nayafuta kwa maji yenye jiki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, kuua kuvu walio juu ya ganda. Kisha nakausha kwa kitambaa mpaka ndani ya mifereji na kuzunguka kikonyo, maana maji yakituama hapo umefanya kazi bure. Nayaweka penye kivuli. Jua la mchana la Tanga hulipika boga upande mmoja. Na siyaweki kapu moja na ndizi mbivu wala maembe, hata mwenye hoteli akiona linapendeza kwenye picha. Matunda yanayoiva hutoa hewa ya ethilini, na boga likikaa nayo lile la kijani hugeuka njano na kikonyo hulegea mpaka kikadondoka. Basi mama amehangaika na kikonyo tangu shambani, wewe unakiangusha kwa mkungu wa ndizi.

Wageni huniuliza kuhusu kuchonga sura, kama wafanyavyo Marekani tarehe 31 Oktoba. Desturi ile waliipeleka wahamiaji wa Ireland, ambao kwao walikuwa wakichonga mizizi kama tanipu, wakayakuta maboga huko. Mimi sichongi. Boga likitobolewa, hata kwenye baridi yao ni wiki moja hivi, na hapa siku ya pili ndani kumeota manyoya. Mgeni akishikilia, namchongea asubuhi ya siku yenyewe na namwekea taa ndogo ya betri, kwa sababu mshumaa unalipika kwa ndani. Mengine yote nayaacha mazima. Yakiwa hayajapakwa rangi, mwezi ukiisha yanaenda jikoni yakaungwe kwa nazi, sukari na iliki, na mbegu zikaangwe.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Bei yake iko juu. Boga la pambo la ukubwa wa kati ni shilingi 3,000 na makubwa yanafika 6,000, wakati kwingine sokoni humohumo la kati unalipata kwa 2,000. Nalipa bila kinyongo, kwa sababu la 2,000 nitalinunua mara mbili. Hana risiti ya mashine, na hoteli nyingi zinaidai, kwa hiyo huniandikia kwenye daftari na kunitumia uthibitisho wa malipo ya simu. Na kibanda chake kimekaa vibaya: baada ya saa saba mchana jua linaingia hadi kwenye safu ya mbele. Nimemwambia mara nyingi avute turubai. Ukienda alasiri, chagua ya nyuma.

Usitarajie pia maboga ya rangi moja ya chungwa kama ya kwenye picha za Marekani. Haya yanalimwa katikati ya mahindi, mbegu zimechanganyika, kila moja na sura yake: la kijani lenye madoa ya maziwa, la kahawia lililobonyea na mifereji mirefu, la njano iliyopauka, na mumunye zenye shingo iliyopinda. Mimi nasema ndiyo mazuri. Ukiyapanga kwenye jamvi pamoja na vibuyu vikavu, baraza linaonekana la Tanga. Mgeni mmoja mtu mzima, Mmarekani, alikaa akaligusa lile la kijani akaniambia la namna hiyo hajapata kuliona kwao.

Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, siku ambayo mzigo umeshashuka, na ubebe maboksi na nguo kuukuu za kutenganishia kwenye bajaji, kwa kuwa vya kufungia hana. Ukitaka zaidi ya kumi mpe taarifa wiki mbili kabla, ili apate muda wa kuyaacha yakaze. Ukimharakisha atakuuzia ya kupika, na atakwambia wazi kwamba ni ya kupika.