Leso za India zilizochapwa kwa mihuri ya mbao: ipi ununue kwanza

Ukiwa na haraka, jibu langu ni hili: nunua leso za Bagru, nyeusi na nyekundu juu ya weupe wa krimu, za pamba nyepesi ya melimeli, kwa muuzaji anayeweza kukuambia zimechapwa na akina nani. Za pili ni za Sanganer, za tatu ni ajrakh ya Kutch, za nne ni za nili. Za hariri ziache kabisa kama unatafuta kitu cha kufutia jasho.

Leso ninayosema ni kitambaa cha mfukoni. Ndugu zetu wa Mombasa wakisikia leso wanafikiria kanga, na hawajakosea. Neno lenyewe limetoka kwa Kireno, lenço, yaani kitambaa kama hiki hiki. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa bado zimeshikana kwenye jora, wakashona sita pamoja, na hapo ndipo kanga ilipozaliwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mjomba wangu leso za nili za kwenda nazo kwenye harusi ya binti yake. Dukani niliuliza, nikaambiwa hazichuji. Siku yenyewe ilikuwa ya joto, mjomba akajifuta shingo mara mbili tatu, na kabla ya adhuhuri shingo ya kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshika mstari wa buluu. Hakuninung'unikia. Aliikunja leso akaitia mfukoni, na mfuko nao ukashika rangi. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sinunui leso bila kuijaribu.

Jaribio lenyewe ni dogo. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, kisugue juu ya rangi iliyokolea mara ishirini hivi. Kikitoka na doa zito, rudisha leso mezani. Kisha dondosha tone moja la maji kwenye pembe. Likinywewa papo hapo, pamba ni safi na imefuliwa vizuri. Likikaa juu kama lulu, kuna wanga au dawa ya kiwandani. Wanga hutoka kwa kufua, ila usikubali kulipia ugumu ukidhani ni uzito wa pamba. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda duka lingine.

1. Bagru

Bagru ni mji mdogo wa Rajasthan, kama kilomita 30 kutoka Jaipur, na wachapaji wake ni ukoo wa Chhipa, kazi wanayorithishana baba kwa mwana. Naziweka leso zao juu kwa sababu rangi zake zinakaa ndani ya uzi. Kitambaa huanza kwa kulowekwa kwenye maji ya tunda la harda, lenye ukali kama wa ganda la komamanga, nacho hugeuka manjano hafifu. Rangi nyeusi inatokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa pamoja na sukari guru kwa siku nyingi mpaka vikachacha, halafu maji yake yakatiwa unga wa kokwa za ukwaju ili yawe mazito. Nyekundu inatokana na shabu, ile ile shabu tunayoijua sisi.

Mchapaji husimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa magunia. Muhuri wa msaji au wa mti mwingine mgumu anauchovya kwenye trei, anaulenga kwa vinukta vidogo vilivyochongwa pembeni mwake, anaukalisha, kisha anaupiga kwa kitako cha kiganja. Kila rangi ina muhuri wake: mmoja wa mistari ya nje, ambao wenyewe huuita rekh, mwingine wa kujaza, mwingine wa uwanja. Ua moja la rangi tatu ni mapigo matatu juu ya sehemu ile ile. Na pale palipopigwa shabu, wekundu haujitokezi mpaka kitambaa kichemshwe kwenye sufuria kubwa ya shaba pamoja na alizarini, yaani rangi nyekundu ya kupaka nguo. Hapo ndipo kitambaa kinapowaka. Rangi iliyopikwa hivyo haitoki kwa jasho.

Jambo moja ulijue: alizarini ya siku hizi kwa kawaida ni ya kiwandani, haitoki kwenye mizizi kama zamani. Mimi halinisumbui, maana inashika vizuri. Lakini anayekuuzia kwa bei ya juu akidai "rangi za asili tupu", mwombe akueleze nyekundu yake imetoka wapi.

2. Sanganer

Hizi, za mji wa Sanganer ulio jirani na Jaipur, ni za maua madogo madogo, mashina membamba, juu ya weupe. Kwa uzuri wa mchoro mimi naona hakuna anayewashinda, na leso nyeupe haina rangi nyingi ya kuchuja. Ziko nafasi ya pili kwa sababu ya bandia. Sanganer leo ina uchapaji mwingi wa fremu za wavu na wa mashine, na vitu hivyo huuzwa vikiwa vimebandikwa jina la muhuri.

Tandaza leso mbili za aina moja ubavu kwa ubavu. Kazi ya muhuri ina makosa yanayohama: hapa ua limekolea, pale limepauka, mistari ya muhuri huu na ule imepishana kwa upana wa uzi. Bandia nayo siku hizi huchorwa na makosa, lakini ukikuta jani lililokatika limejirudia mahali pale pale kwenye leso zote mbili, hiyo ni mashine. Geuza nyuma pia. Ingawa upande wa nyuma huwa hafifu kidogo, kwenye pamba nyepesi rangi ya muhuri hupenya. Nyuma ikiwa nyeupe pee, shuku.

3. Ajrakh

Ajrakh ni kazi ya Wakhatri wa Kutch, Gujarat: nyota na duara za nyekundu, nyeusi na nili, zimejaa kitambaa kizima. Inapita hatua zaidi ya kumi za kufua, kuchapa, kufunika, kuchovya na kuchemsha, na inahitaji maji mengi mazuri. Baada ya tetemeko la Januari 26, 2001 kuipiga Kutch, na maji ya kijiji cha Dhamadka kuharibika, wachapaji wengi walihamia mahali papya karibu na Bhuj wakapaita Ajrakhpur. Ukiikuta leso iliyochapwa pande zote mbili, usiiache, kwa sababu haina upande wa nyuma. Naiweka ya tatu kwa bei tu, na kwa kuwa nyingi hukatwa kwenye pamba nzito kidogo. Kwa zawadi ya mahari au ya mzee unayemheshimu, ipandishe iwe ya kwanza.

4. Nili

Hapa zinaingia zile za dabu, ambako udongo uliochanganywa na chokaa, gundi na pumba za ngano hupigwa kwa muhuri ili nili isipite. Ni nzuri mno, na bibi zetu waliovaa kaniki wangezitambua mara moja. Lakini nili haiungani na uzi kama nyekundu ya shabu. Hukaa tabaka juu ya tabaka, na isiposuuzwa vya kutosha inapaka kila kinachogusa. Zinunue, zifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, ndipo uzitie mfukoni. Kijani na manjano ya binzari hupauka upesi juani, hivyo usizilipie bei kubwa.

Lebo za biashara ya haki

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Alama ya pamba ya Fairtrade inamhusu mkulima wa pamba, na mchapaji anaweza kuwa hayumo kabisa. Handloom Mark ya India inamhusu mfumaji. Craftmark inathibitisha kwamba kazi ni ya mikono. Ya WFTO, shirika la dunia la biashara ya haki, inaangalia shirika zima kwa kanuni 10: malipo, mazingira ya kazi, ajira ya watoto. Mojawapo ya kanuni hizo inanigusa zaidi: mtengenezaji wa kazi za mikono akiomba, mnunuzi anamlipa angalau nusu ya fedha mapema, bila riba. Kwa mchapaji anayepaswa kununua pamba miezi kabla ya kulipwa, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi yake na kumfanyia kazi mkopeshaji. Kwa hiyo nikipata nafasi ya kumuuliza muuzaji swali moja tu, namuuliza hilo: mliwatangulizia kiasi gani?

Duka dogo lisilo na lebo yoyote, lakini linalotaja kijiji, karakana na namna linavyolipa, mimi naliamini kuliko pakiti iliyoandikwa "handmade" na basi.

Za wanaume tafuta za sentimita 40 hadi 45, za wanawake 30 zinatosha. Angalia pindo kwenye pembe nne, maana hapo ndipo leso inapoanza kufumuka. Zifue kwa maji baridi na sabuni laini, uzianike kivulini. Usitie jiki, maana hula rangi, wala ndimu, kwa sababu ile nyeusi imetokana na chuma na tindikali huila.