Masanduku mawili ya kioo kutoka kwa fundi wa Chang'ombe: hamsta wetu wameacha kung'atana

Tumeyatumia tangu baridi ya Juni, na jua la Novemba limeyapita, kwa hiyo naweza kuyasema vizuri. Ukiwa na hamsta wadogo, wale vijinyama wa kufugwa wanaofanana na panya, hapa Dodoma na wameanza kuumana, nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu akutengenezee masanduku mawili. Usikubali moja lenye ukuta katikati, hata ukishawishiwa kwamba ni nafuu.

Hamsta wetu ni wa jamii ya Campbell, wale ambao asili yao ni nyika za Mongolia na nchi za jirani. Ni wadogo kweli, ukimkunja mmoja anaenea kwenye kiganja cha mtoto. Ni majike wawili wa tumbo moja, na binti yangu amewaita Zabibu na Uwele. Muuzaji aliyetuletea kutoka Dar es Salaam aliwafungasha na kizimba cha waya: kijumba kimoja, gurudumu moja la kukimbilia, chupa moja ya maji. Akasema wamezaliwa pamoja, basi wataishi pamoja. Walipokuwa watoto walilala wamelaliana kama kawaida ya hamsta hawa. Walipokomaa, Zabibu akakitawala kijumba, akalitawala gurudumu, halafu akaanza kumzuia mwenzake asifike hata kwenye maji.

Hapa naomba niende polepole, maana wafugaji wengi huchelewa kwenye hatua hii. Hamsta wanaoishi pamoja hupangana nani mkubwa. Mmoja atamkimbiza mwenzake kidogo, yule atalala chali na kulia kifupi, mkubwa atamnusa, kisha kila mmoja atashika njia yake na jioni utawakuta wamelala pamoja. Hilo liache. Lisilofaa kuachwa ni lile ambalo aliyeshindwa amekwisha kujisalimisha na bado anafuatwa. Anabanwa kwenye kona, analia kwa muda mrefu, au wote wawili wanabiringika kama mpira huku wameshikana meno. Angalia pia nani analala nje ya kijumba, nani anakonda, nani manyoya yake yamenyofoka mgongoni karibu na mkia. Uwele alikuwa na dalili zote hizo. Siku tulipoona damu nyuma ya mapaja yake, tulimfunika Zabibu kwa bakuli la plastiki, tukamtoa mwenzake kwa taulo. Mkono mtupu usiupeleke katikati ya ugomvi, utang'atwa mpaka mfupa usikie.

Ukubwa wa kizimba ndio kiini cha yote. Kule nyikani anayeshindwa hukimbia akaenda zake, na ugomvi unaishia hapo. Ndani ya kizimba hana pa kwenda. Anazunguka na kurudi mbele ya yule yule aliyemfukuza, na huyo anaona bado amevamiwa. Vijumba viwili, magurudumu mawili na chupa mbili husaidia wanaotunishiana misuli tu. Damu ikishatoka, watenganishwe moja kwa moja. Kuwarudisha pamoja baada ya siku kadhaa kwa kuwa wanaonekana wametulia ni hatari, kwa sababu hamsta humtambua mwenzake kwa harufu, na wakiishi mbalimbali wanakuwa wageni.

Basi nikaenda karakana moja ya Chang'ombe inayotengeneza madirisha na kabati za vioo vya maduka. Fundi alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", akanivutia kiti, akaniuliza, "Mama, hao panya wanakula nini?" Nilipenda kwamba aliuliza kuhusu wanyama kabla ya kuuliza kuhusu pesa. Wazo lake la kwanza lilikuwa sanduku refu lenye wavu katikati. Nikamweleza kwamba wataumana pua na vidole kupitia matundu, na kwamba hata wasipofikiana watakaa na harufu ya adui usiku kucha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yaani ni majogoo wawili. Wakionana tu, hawali." Akafuta mchoro, akaanza upya. Fundi anayekubali kufuta mchoro wake namheshimu.

Alichotengeneza ni hiki: masanduku mawili, kila moja urefu sentimita 100, upana 50, kimo 50, kioo cha milimita 5, fremu ya aluminiamu kwenye kona zote. Mfuniko ni waya mgumu wa matundu madogo, maana hamsta wa aina hii hupenya mahali pasipofikirika. Uwazi unaozidi milimita 7 ni mlango kwake. Masanduku yanakaa kwenye stendi ya chuma, moja juu ya jingine, na kati yao kuna ubao, hivyo hawaonani kabisa. Nililipa shilingi 280,000 kwa vyote, nusu advansi, nusu siku ya kuchukua, na kirikuu cha kuyaleta nyumbani, mtaa wa Kisasa, nililipa mwenyewe. Ni pesa nyingi kwa mnyama wa gramu chache, najua. Lakini mnyama huyo hakuomba kuletwa Dodoma, na akishakuwa kwetu anastahili mahali pa kulala bila hofu.

Magurudumu aliyatengeneza kwa mifuniko ya ndoo na beringi ndogo. Yamezibwa chini, hayana vijiti vya kunasa mguu, na usiku hayapigi kelele. Hii ndiyo kazi yake iliyonifurahisha kuliko zote.

Kasoro zipo. Ukingo mmoja wa kioo cha sanduku la juu haukusagwa vizuri, ukamkwaruza binti yangu kidole. Fundi alikuja nyumbani na msasa akaumaliza bila kudai kitu. Kazi ilichelewa kuliko tulivyokubaliana. Na silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, ilinuka siki kali, kwa hiyo masanduku yalikaa barazani hadi harufu ilipokwisha kabisa. Mwambie fundi mapema kwamba ndani ataishi mnyama, asikimbilie kukukabidhi.

Jambo kubwa zaidi ni joto. Kioo hakipitishi hewa ubavuni, na mchana wa Oktoba na Novemba hapa kwetu si mchezo. Hamsta huanza kutaabika joto likikaribia nyuzi 30. Stendi yetu iko kwenye chumba kisichopigwa na jua la jioni, na ndani ya kila sanduku nimelaza chungu kidogo cha udongo kwa ubavu pamoja na kipande cha kigae. Mchana wa joto utawakuta wamejinyoosha juu ya kigae. Anayeishi chumba cha bati kisicho na dari, sanduku la kioo nisingempendekezea. Amwombe fundi ubavu mmoja uwe wa waya.

Kimo kile cha sentimita 50 nilikitaka kwa ajili ya matandiko. Hawa ni wachimbaji, wanahitaji kina cha kutosha watoboe njia zao, nami najaza karibu nusu ya sanduku. Maranda ya paina yenye harufu kali situmii, yanaudhi mapua yao. Nachukua karatasi nyeupe zilizochanwa pamoja na nyasi kavu safi. Chakula sikiweki kwenye bakuli. Nafaka za uwele na mtama kutoka soko la Majengo nanyunyiza juu ya matandiko, na alizeti punje chache kwa sababu ina mafuta mengi. Wakitafuta punje moja moja usiku unawatosha. Zabibu zenyewe, ingawa ndizo fahari ya mkoa wetu, siwapi: hamsta wa Campbell hupata kisukari kwa urahisi.

Uwele amepona. Kidonda tulikiosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, manyoya yameota, na sasa anatoka nje hata taa ikiwa inawaka, jambo ambalo kule kwenye waya hakuthubutu. Zabibu naye ametulia. Zamani alikuwa akitafuna nyaya za kizimba usiku mzima, na nilidhani ndivyo alivyo. Tangu apate nafasi yake, anachimba, anakimbia, analala. Chupa, magurudumu na vyungu vyao hatuvichanganyi, kila mmoja na vyake.

Ukienda kuagiza, peleka vipimo vimeandikwa, sisitiza kingo zisagwe, na mfuniko uwe na komeo pande mbili. Komeo moja tulilopewa mwanzo lilikuwa halitoshi, likaongezwa la pili kwa shilingi 5,000.