TAHADHARI: Kiwanja cha mbuga kilichovikwa kifusi, na ripoti ya udongo iliyopikwa

Wajanja wanaouza viwanja vya aina hii huvuna kiangazi. Udongo wa mbuga ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Ukimwagiwa nusu mita ya kifusi chekundu na kupitishiwa rola, kiwanja kinapendeza macho. Juu yake dalali anakukabidhi "ripoti ya udongo" ya kurasa mbili inayosema ardhi ni imara, inabeba hata ghorofa. Usitoe hata kishika uchumba kwa ajili ya karatasi hiyo.

Mbuga ni ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Upo Dodoma, Shinyanga na sehemu nyingi za Usukumani, na kwa upande wa Kenya uko Kitengela na Athi River. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Nyumba ya chini ni nyepesi, kwa hiyo udongo huo una nguvu ya kuiinua. Tena hauiinui sawasawa: pembeni hukauka na kulowa kila msimu, katikati chini ya sakafu unyevu haubadiliki sana. Ndiyo maana nyufa zinakwenda mshazari kutoka kona za madirisha, na mlango uliofungwa vizuri Agosti unagoma mvua zikikolea.

Ripoti inapikwaje? Mara nyingi hawapimi kabisa, wanabadilisha jina la mteja tu. Wakipima, wanakuja na DCP, fimbo ya chuma yenye ncha inayogongwa kwa nyundo ya kilo 8. Ni kifaa halali, mafundi wa barabara wanakitumia kila siku. Lakini fimbo yake ya kawaida hufika kama sentimeta 80. Igonge juu ya kifusi kilichoshindiliwa, utakuwa umepima kifusi. Hata ikifika kwenye mbuga yenyewe, wakati wa kiangazi itatoa namba nzuri, kwa sababu inapima ugumu wa siku ile na si kuvimba kwa msimu ujao.

Ripoti ya kweli inaonyesha mahali kila shimo lilipochimbwa, tarehe, tabaka moja moja na kina chake, na kina cha maji ya ardhini, au inasema wazi kwamba hayakuonekana. Ina majibu ya maabara: kiasi cha maji kinachoufanya udongo uanze kuwa uji, na kiasi cha chini kabisa ambacho bado unafinyangika. Tofauti ya namba hizo mbili ikipita 35, huo ni udongo wa kuogopwa. Ina pia kipimo cha kusinyaa, kinachofanywa kwenye kalibu ya milimita 140. Ukikuta mashimo yote yana majibu yaleyale, au uwezo wa kubeba umeandikwa namba moja tu bila kutaja kina, rudisha karatasi. Mhuri wa mhandisi una namba ya usajili. Kwa Tanzania, ihakiki kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kabla ya kuiamini.

Kabla ya maabara, chimba. Mashimo matatu kwa uchache: mawili kwenye kona zinazotazamana za nyumba unayokusudia, moja upande wa chini ambako maji yanaelekea. Kina kiwe mita 2, yaani angalau mita moja chini ya kitako cha msingi. Shimo likipita mita 1.2 mtu asiingie bila kuta kuzuiwa kwa mbao, hasa penye kifusi. Kinamomonyoka bila kukupa taarifa. Tazama ukuta wa shimo. Mstari wa majani yaliyooza na mizizi chini ya udongo mwekundu ndio uso wa zamani wa kiwanja, na kila kilicho juu yake kimeletwa na lori. Ukikuta vioo, mifuko ya plastiki na vipande vya tofali, hapo palikuwa dampo. Ardhi itaendelea kutitia taka zikioza.

Chukua udongo wa chini, ukaushe, uponde, uchekeche kwa chujio la chai. Pima mililita 10 kwa bomba la sindano lililokatwa mdomo, mimina taratibu kwenye chombo cha kupimia chenye maji mililita 100, acha saa 24. Udongo uliotulia chini ukifika mililita 15 kuwa na wasiwasi. Ukifika 20, umevimba maradufu na kiwanja hicho si cha msingi wa kawaida. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, ila kinatosha kumnyamazisha dalali.

Waulize pia wachimba vyoo wa mtaa huo. Wao wanajua tabaka zote na maji yanapoanzia, na hawana kiwanja cha kuuza. Nje ya makazi, angalia migunga mifupi yenye vinundu wanamoishi sisimizi. Hupenda sana mbuga.

Kuna wauzaji wengine wanaokuja baada ya kununua. Mmoja anauza "dawa ya udongo", chokaa ya kunyunyiza juu ya mtaro wa msingi. Chokaa inasaidia kweli, ila ikichanganywa ndani ya udongo tabaka kwa tabaka na kushindiliwa, kwa kiasi kilichopangwa na maabara. Kunyunyiza ni danganya toto. Mwingine anakuambia uongeze nondo, na msingi wenyewe bado umelala juu ya mbuga.

Njia ya uhakika pale mbuga isipokuwa nene ni kuitoa yote. Piga hesabu kabla ya kufurahia bei. Nyumba ya mita 10 kwa 12, ukichimba mita moja zaidi kila upande kwa kina cha mita 1.2, ni takriban mita za ujazo 200. Udongo ukichimbuliwa unafura kwa karibu theluthi, kwa hiyo lori la mita za ujazo 7 litakwenda safari kama 38 kutoa, na karibu idadi hiyohiyo kuleta kifusi kizuri, cha kumwagiwa maji na kushindiliwa kila sentimeta 15. Mbuga ikizidi hapo, mwachie mhandisi achague nguzo za chini, zinazopita mbuga hadi penye udongo imara, au jamvi zito, yaani bamba moja la zege chini ya nyumba nzima.

Kwenye mkataba, mbele ya serikali ya mtaa, andikeni kwamba mnunuzi atachimba kabla ya kulipa, na kwamba ripoti ya muuzaji ikibainika kughushiwa fedha zinarudi zote. Muuzaji akikataa jembe kiwanjani kwake, ondoka.