Laptopu ya mtumba ya kuwekea Linux: kabla ya kuuliza RAM, uliza draiva ya grafiki

Malalamiko mnayoniletea ni yale yale jamani. Mtu kanunua laptopu ya mtumba yenye stika ya Nvidia (kampuni ya chipu za grafiki), kaweka Ubuntu au Mint (matoleo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), siku za mwanzo raha tupu, halafu anakubali apdeti, akija kuwasha anakutana na skrini nyeusi basi. Anasema Linux mbovu. Hapo mbovu ni ile stika aliyoiongezea hela.

RAM na SSD siongelei, hizo fundi yeyote atakuongezea baadaye. Chipu ya grafiki imechomelewa kwenye ubao, ukishalipia ndio ndoa ya kanisani hiyo. Kwa hiyo mimi nauliza kitu kimoja tu, draiva yake (programu inayoiendesha chipu) imo ndani ya keneli (kiini cha Linux) au inakaa nje?

Intel wana i915, AMD wana amdgpu, zote zimo ndani, keneli ikipanda toleo nazo zinapanda. Ya Nvidia inakaa nje, kila keneli mpya ikija lazima iwe na moduli yake (kipande cha draiva kinachoingia kwenye keneli), na pale inapojengwa na DKMS (programu ya kuijenga upya yenyewe) isipokuta linux-headers (faili za kujengea) za keneli hiyo hakuna kitakachojengwa. Halafu Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa moduli isiyo na saini inayotambulika inakataliwa, unaambulia "Key was rejected by service". Ile skrini ya bluu inayotokea ukiriboti baada ya kuweka draiva, wengi wanabonyeza Continue ili ipite tu, kumbe ndio mahali pa kuchagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini ya moduli) na kuweka ile paswedi uliyoulizwa mwanzo!

Na ubaya wenyewe hasa ni huu ambao muuzaji hakwambii ng'o: Nvidia huwa wanaziacha chipu za zamani njiani. Kwa vizazi vya chipu zao kuanzia cha zamani, draiva 390 ya Fermi waliiacha 2022, 470 ya Kepler 2024, na kwa Maxwell na Pascal tawi la mwisho la draiva ni 580. Yaani 940MX (Maxwell) na MX150 (Pascal) mnazouziwa leo kama za gemu ziko kwenye foleni ya kutoka. Utasema kuna nouveau, ile draiva huria ya chipu za Nvidia, ndiyo ipo, ila kwa chipu za GTX 900 na 1000 inahitaji femweya (programu ndogo ya ndani ya chipu) iliyosainiwa na Nvidia wenyewe ili kupandisha spidi, na ya kazi hiyo hawakuitoa, kwa hiyo chipu inajikokota.

Sasa mpangilio wangu, na upendeleo sifichi. Namba moja ThinkPad, hasa T480 yenye Intel UHD 620 peke yake, maana kuna T480 nyingine ina MX150, hiyo mwachie mwenyewe. Hii unaweka Debian, Fedora, chochote, draiva inapanda yenyewe hata hujui kama ipo, ndio inavyotakiwa.

Namba mbili ni za AMD, ThinkPad T495 au HP EliteBook 745 G5, kwa gemu zinaipita Intel ya T480. Angalizo moja, amdgpu bila femweya inakuachia giza au skrini ya mapikseli manene, na Debian za kabla ya 12 ya 2023 hazikuwa nayo kwenye diski rasmi ya kuinstolia, chukua toleo jipya.

Tatu ndio Nvidia, na iwe kizazi cha Turing kuja juu, GTX 1650 au RTX, ambazo moduli zake wameweka wazi msimbo wake (source code) tangu Mei 2022. Kama kazi yako ni CUDA (hesabu za kwenye chipu ya Nvidia) au Blender (michoro ya 3D) huna ujanja, nunua hiyo.

Za bei chee kama GT 730 ya desktopu, ruka. Jina moja, ndani kuna ya Fermi na kuna ya Kepler, na zote draiva zimeshaachwa.

Dukani nenda na flashi ya Ubuntu, washia hapo hapo, andika lspci -k kwenye terminal, chini ya VGA usome "Kernel driver in use". Ukikuta i915 au amdgpu, na hakuna mstari wa "3D controller" wa Nvidia, toa hela. Kwenye Settings, About, ukiona llvmpipe ujue prosesa ndio inachora kila kitu, chipu imelala. Na ikiwaka kwa kuongeza neno nomodeset tu kwenye amri ya kuwashia usiseme imepona, hapo umeizima draiva.

Ila wauzaji wa Kariakoo nao! Ukitoa flashi anaruka, "utaniletea virusi", wakati Windows aliyoiweka ni ya kukraki. Stika ya Nvidia anaipandishia bei hata kama chini yake kuna 940MX ya miaka ile, na ukirudisha unaambiwa ilitoka hapa inawaka. Risiti yenyewe kaandika "laptop 1". Mwambie aandike modeli kamili na chipu ya grafiki, akigoma, duka la pili liko hatua mbili mbele.